Daktari Kinanda na Dawa ya Kukoroma

Siku chuo cha udaktari kilipotangaza redioni kwamba watafiti wake wamepata dawa ya kukoroma, watu wengi mjini walicheka. Kinanda hakucheka. Alikuwa amelala chali kwenye kitanda cha watu wawili, jua limeshapanda, na upande wa pili wa kitanda hapakuwa na mtu.

Kinanda si jina alilopewa na mamake. Alipewa na watu wa mjini, kwa sababu mdomo wake ulikuwa tayari kupiga wimbo wowote ambao mteja alitaka kuusikia. Alishawahi kumkodishia mtu eneo la kuegesha magari la benki ili aoshee magari, na mtu yule akaosha mawili kabla mlinzi hajamwuliza anafanya nini. Alishawahi kuuza tiketi za mnada usio na kiingilio. Mteja mmoja tu ndiye aliyemshinda, naye alikuwa mke wake.

Mke huyo alikuwa mshonaji wa makoti meupe ya wanafunzi wa udaktari, na alikuwa amehamia kwa dada yake pamoja na cherehani. Sababu haikuwa utapeli. Utapeli aliukuta, akauvumilia. Sababu ilikuwa kukoroma, maana Kinanda akilala vyombo vya jikoni vilicheza.

"Ukinyamaza, nitarudi," alimwambia mlangoni. "Usiponyamaza, dada ana chumba cha mbele kinachofaa kabisa kuwa duka. Nitatundika bango langu, na bango langu likishapanda, mume wangu, halishuki."

Basi haya ndiyo yaliyompeleka Kinanda chuoni, na tuyaandike kwa haki yake: siku ile alikwenda kama mgonjwa, kwa nia safi, bila mpango wowote mfukoni. Dawa ilikuwa imewanyamazisha mbwa wote wa pua bapa waliofugwa maabara, na sasa walitafutwa binadamu wa kujitolea. Kinanda alimpenda mke wake. Angejitolea hata kama wangetaka kumfunga kamba shingoni na kumwita jina la mbwa.

Waliketishwa kwenye mabenchi katika ukumbi wenye harufu ya dawa ya kusafishia sakafu. Mezani palikuwa na kichwa cha plasta kilichokatwa katikati, koo lote wazi, na nyuma yake alisimama mtafiti mkuu, mama mwembamba aliyekuwa akitafuta miwani yake ilhali ameivaa utosini.

"Koo likilegea usingizini, hewa inapita kwa shida," alisema, akikigonga kile kichwa kwa kalamu. "Hiyo ndiyo kelele. Sasa, tuna vidonge vya dawa na tuna vidonge vya chaki. Vinafanana kwa kila kitu. Kila mmoja wenu anaweza kumeza dawa na anaweza kumeza chaki, na hatutawaambia mnameza kipi wala lini. Mkikubali hilo, karibuni. Msipokubali, tutaagana vizuri."

Muuza magodoro, mwanamume mnene mwenye pete kubwa, aliinua mkono. "Daktari, mimi naomba ile ya kweli."

"Kila mtu anaomba ile ya kweli, bwana. Ndiyo maana hatusemi."

"Hata kwa mtu anayejiweza?"

"Hata kwa anayejiweza."

Nyuso zikasawijika benchi zima. Watu waliogawiwa vichupa walivishika kama waliogawiwa mashaka, wakavigeuza, wakavinusa, wakatazama vya wenzao. Kinanda naye alikuwa na kichupa chake, na alianza kukinusa. Kisha akainua macho, akaiona ile safu ya watu wanaojiweza wakiteseka kwa kitu kisichojulikana, na nia yake safi ikamtoka hapo hapo.

Jambo ambalo hakuna mtu, hata daktari mkuu, anayekubali kulisema ni jambo linaloweza kusemwa na Kinanda. Nani atambishia?

Nyumbani, nyuma ya mlango, lilikuwa limebaki koti moja jeupe ambalo mwanafunzi mmoja hakurudi kulichukua. Kesho yake Kinanda alilivaa, akachomeka kalamu mfukoni, akaketi katika mkahawa ulio mbele ya geti la chuo. Muuza magodoro alipopita, aliitwa kwa kidole kimoja, kama madaktari wanavyoita.

"Samahani, bwana mkubwa. Kichupa chako unacho?"

"Ninacho. Lakini wewe si ulikuwa umekaa benchi na sisi jana?"

"Nilikaa, na nitakaa. Watafiti wa kweli hujijaribia dawa wenyewe. Mimi nakoroma kwa ajili ya sayansi." Kinanda alikipokea kichupa, akakitikisa karibu na sikio, macho ameyafumba. Akahema kwa huzuni. "Pole sana."

"Pole ya nini?"

"Sikiliza mwenyewe. Dawa ni nzito, ikigonga chupa inasema ko. Hii inasemaje?"

Muuza magodoro akasikiliza. "Inasema ki," alinong'ona, na ni kweli alisikia ki.

"Mimi sijasema kitu. Umesema wewe."

"Sasa tunafanyaje, daktari wangu?"

Kinanda alitazama kushoto na kulia. Alieleza, kwa sauti ya mtu anayehatarisha mkate wake, kwamba chumba cha kufungashia dawa kina mlango, na mlango una mtu, na mtu huyo ana njaa zake. Muuza magodoro alikuwa mfanyabiashara. Lugha hiyo aliielewa kabla haijamalizika.

Jioni hiyo Kinanda alimsikilizia kinyozi mmoja wa benchi lile lile kichupa chake, nacho, kwa bahati mbaya, kilisema ki. Kesho yake kinyozi alikabidhiwa cha muuza magodoro, muuza magodoro akakabidhiwa cha kinyozi, vibandiko vya namba vimebanduliwa na kubandikwa upya kwa mate kidogo. Wote wawili walivitikisa. Wote wawili walisikia ko.

Katika maisha yake yote ya kazi Kinanda hakuwahi kuona biashara tamu hivyo. Haikuwa na mtaji, haikuwa na ghala, na bidhaa yenyewe alipewa na mteja mmoja ili amuuzie mwingine. Habari zilienea benchini kwa minong'ono, na kabla ya juma kwisha vichupa vya nusu ya ukumbi vilikuwa vimehama nyumba.

Aliyekataa ni Mama Viti. Huyu alikuwa mama mpana mwenye sauti ndogo, mkodishaji wa viti na mahema ya shughuli, na aliketi mkahawani siku nzima akinywa chai na kutazama watu, kazi ambayo aliifanya kwa makini.

"Mwanangu daktari," alimwambia Kinanda, "mimi niache na chaki yangu."

"Mama, huogopi kupoteza nafasi?"

"Nikiogopa nitakuja."

Siku ya kutoa taarifa ilifika. Muuguzi alipita benchi kwa benchi akiuliza kila mtu usingizi unaendaje, na watu walijibu kwa sauti ili wenzao wasikie.

"Kimya," alisema muuza magodoro. "Mke wangu aliniamsha akidhani nimekufa."

"Kimya kabisa," alisema kinyozi, ingawa alikuwa ametazama chini.

"Mimi ndiyo usiseme," alisema Kinanda, maana daktari asiyepona kwa dawa yake mwenyewe atapata wapi wateja? "Andika nimepona, dada. Andika kwa herufi kubwa."

Mama Viti alimvuta muuguzi kwa mkono, akamnong'oneza sikioni, akarudi kwenye benchi lake.

Pesa zilikuwa zinaingia, lakini kuna jambo lilianza kumkera Kinanda kila alipojitupa kitandani. Alikuwa ametangaza amepona, na hakujua. Mtu anayelala peke yake hawezi kujua kama anakoroma. Alimeza kidonge chake kila jioni, na kila asubuhi aliamka akiwa na koo kavu na hana shahidi. Mwishowe alivaa shati lililopigwa pasi akaenda kwa shemeji yake.

Mkewe alikuwa kwenye cherehani sebuleni, pini mdomoni. Kutoka chumba cha ndani ilisikika sauti ya kitu kizito kikiburutwa, kikisimama, kikiburutwa tena.

"Nini hicho?" Kinanda aliuliza.

"Majirani wanahamisha makabati. Umekuja kuniambia nini?"

"Nimenyamaza."

"Nani amekusikia?"

Kinanda alianza kunyoosha shati ambalo lilikuwa limeshapigwa pasi.

Mkewe alitoa pini mdomoni moja moja. "Njoo Jumapili mchana. Utalala hapa kwenye kochi, mimi nitakaa nikusikilize. Ukiwa kimya, nafunga cherehani tunarudi nyumbani. Ukikoroma, Jumatatu fundi anatundika bango. Nimeshamwambia rangi."

"Rangi gani?"

"Nyekundu."

Kinanda alitoka pale akiwa na hofu, na tuseme wazi, haikuwa hofu ya kuigiza. Nyumba ile bila mlio wa cherehani ilikuwa imemchosha. Alihitaji dawa ya kweli, na kati ya watu wote waliobeba vichupa katika mji ule, yeye peke yake ndiye aliyejua kwamba hakuna ajuaye iko wapi.

Mama Viti alikuwa mkahawani.

"Mbona umenyong'onyea, mwanangu daktari? Kaa. Mimi leo nina furaha. Mzee wangu, unajua alikuwa analala sebuleni tangu mwaka juzi? Amerudi chumbani. Anasema nalala hata pumzi haisikiki."

Kinanda akaganda. Huyu hakuwahi kubadilisha kichupa. Huyu alikuwa na kile kile alichopewa na chuo, na mume amerudi chumbani. "Kichupa chako hicho, mama. Unacho hapo?"

"Ninacho. Kitikise, si wewe ndiye mjuzi?"

Alikipokea kwa mikono miwili. Akakitikisa. Na yule aliyebuni ki na ko mwenyewe, akinywa chai, kwenye meza hiyo hiyo, alisikia wazi kabisa: ko.

"Niuzie, mama."

"Siuzi. Afya ni afya."

"Nitakupa hiki changu, na kitu juu yake."

"Na mzee wangu arudi sebuleni? Mwanangu, unaniambia nini?"

Kinanda aliongeza. Mama Viti akatikisa kichwa na kusikitika. Kinanda akaongeza tena, akageuza mifuko ya suruali, akageuza na ya koti jeupe, mpaka mavuno yote ya ki na ko yakawa juu ya meza kati ya vikombe. Mama Viti aliyakusanya polepole, kwa uso wa mtu anayeonewa, akayaweka kwenye mkoba wake wenye zipu mbili na kuzifunga zote.

"Nakupa kwa sababu unanikumbusha kijana wangu," alisema. "Naye alikuwa na haraka."

Jumapili Kinanda alimeza vidonge vya Mama Viti viwili badala ya kimoja, akavua viatu, akajilaza kwenye kochi la shemeji yake. Mkewe aliketi mbele yake na kitambaa mapajani. Kinanda alimtazama mara ya mwisho, akamwona ana mvi moja mpya karibu na sikio, akalala.

Alipoamka jua lilikuwa limehamia ukutani. Mkewe alikuwa akimtazama, na macho yake yalikuwa mekundu kidogo.

"Je?"

"Umelala kimya," alisema. "Kimya kabisa. Nyanyuka, unibebee cherehani."

Kinanda hakukumbuka lini mara ya mwisho alilia bila kulipwa. Alibeba cherehani begani njia nzima, na hakumruhusu mtu amsaidie.

Jumatatu wagonjwa wote waliitwa ukumbini, kila mmoja na mtu anayemsikia usingizini. Mke wa muuza magodoro alikuja, mzee wa Mama Viti alikuja ameshika mkongojo, na mke wa Kinanda alikuja na gauni lake la kutokea, pembeni yake Kinanda amejitundika koti jeupe mabegani ili wateja wake wasimtilie shaka. Muuguzi aliwauliza mmoja mmoja. Ilipofika zamu yake, mke wa Kinanda alisema, "Amepona," bila kupepesa.

Mtafiti mkuu alisimama nyuma ya kichwa cha plasta. Leo miwani ilikuwa machoni.

"Asanteni kwa uvumilivu. Sasa naweza kuwaeleza. Katika utafiti wa aina hii, majuma ya mwanzo kila mtu hupewa chaki."

Ukumbi ukanyamaza hivi kwamba hakuna dawa ingeweza kuunyamazisha zaidi.

"Kila mtu?" aliuliza muuza magodoro.

"Kila mtu. Dawa yenyewe haijatoka kabatini. Niliwaambia hatutasema mnameza kipi wala lini. Tunafanya hivi kwa sababu wapo watu wanaopona kwa imani tu, na mtu aliyepona kwa chaki hawezi kunionyesha kama dawa yangu inafanya kazi. Kwa hiyo waliosema wamepona, tunawashukuru sana, kazi yao imekwisha. Watapewa mkono na chai. Wanaoendelea kukoroma ndio tutaendelea nao, na kuanzia leo wataanza kupata dawa."

Muuza magodoro akageuka polepole. Kinyozi akageuka. Nusu ya ukumbi ikageuka, ile nusu iliyolipa, ikamtazama mtu mmoja aliyevaa koti jeupe. Hakuna aliyepiga kelele. Angepiga kelele aseme nini, na daktari amesimama pale? Kwamba alilipa pesa kubadilisha chaki kwa chaki?

Muuguzi alikuwa akisoma majina ya wanaoendelea. La kwanza lilikuwa la Mama Viti. Alinyanyuka taratibu, akaenda mezani, akapokea kichupa kipya. Aliporudi alipita karibu na Kinanda.

"Huu ni utafiti wangu wa tatu, mwanangu," alisema kwa sauti yake ndogo. "Nilishajitolea kwa mgongo, nikajitolea kwa presha. Wanaanza na chaki, siku zote. Nilimwambia muuguzi tangu mwanzo nakoroma kama kawaida."

"Na mzee aliyerudi chumbani?"

"Hajawahi kutoka. Ni kiziwi."

Mtafiti mkuu naye alikuwa amefika, mkono umenyooshwa kwa ajili ya kushukuru. Akalitazama koti. "Wewe ni mwanafunzi wetu?"

"Koti ni la mteja wangu," alisema mke wa Kinanda haraka. "Amenishikia koti tu, mabegani. Vua, mume wangu, utalikunja."

Kinanda akavua.

Getini walikuwa wanangojewa. Kinyozi alikuwa amekunja mikono ya shati, muuza magodoro amevua pete, na wote wawili walizungumza pamoja, kwamba wanataka chao, sasa hivi, hapa hapa. Kinanda alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza kinanda hakikutoa sauti. Mkewe ndiye aliyesonga mbele.

"Shemeji," alimwambia muuza magodoro, "umepona au hujapona?"

Muuza magodoro alisita. Mke wake akajibu badala yake. "Amepona. Ni kweli analala kimya, tangu hicho kichupa cha pili."

"Basi ulilipa ukapona. Unadai nini?"

Muuza magodoro alifikiri, akatafuta mahali hesabu hiyo ilipoharibika, asipaone. Alivaa pete yake.

"Mimi sijapona," kinyozi alisema kwa unyonge. "Nilisema nimepona kwa sababu niliona aibu, nimelipa na bado nakoroma. Sasa nimekosa na dawa."

Mke wa Kinanda alimwangalia kwa huruma ya kweli. "Nitakushonea makoti mawili ya kazi, kaka, na mashuka ya kuwafunika wateja. Na huyu atakaa kwenye kibanda chako kila asubuhi kuwasemesha wateja wanaosubiri, mpaka uridhike. Mdomo anao." Kinyozi alikubali, na inasemekana biashara yake haijawahi kuchangamka vile.

Asubuhi iliyofuata Kinanda aliamka, akanyoosha mkono, akakuta mtu. Alilala tena kidogo kwa raha. Baadaye wakiwa mezani, mkewe alipoinama kummiminia chai, kitu cheupe kilidondoka kutoka sikioni mwake kikaanguka ndani ya sahani. Kilikuwa pamba. Kinanda alikitazama, akatazama sikio la pili, nalo lilikuwa limeziba vizuri.

"Jumapili," alisema polepole. "Kwenye kochi. Nilikoroma."

"Picha ya shemeji yako ilianguka ukutani."

"Na ukasema nimenyamaza."

Mkewe aliketi, akatoa pamba ya pili. "Unakumbuka majirani waliokuwa wanahamisha makabati? Hakuna majirani. Yule ni dada. Dada anakoroma, mume wangu, wewe ukilinganishwa naye unaimba. Na kwako nilikuwa nimeshazoea, pamba kidogo inanitosha. Nilikaa kule nikawa naikumbuka kelele yangu, nikashindwa kurudi bila sababu." Alikoroga chai yake ingawa haikuwa na sukari bado. "Nilikuwa na hamu nawe. Basi."

Kinanda alisogeza kikombe chake pembeni. Alimshika mkono akaushikilia.

"Kwa hiyo ulimdanganya daktari mkuu wa chuo kizima," alisema baadaye, kwa heshima ambayo hakuwahi kumpa mtu yeyote wa kazi yake.

"Nilikudanganya wewe. Daktari uongo ulimpitia njiani tu."

"Na dada?"

"Ijumaa wanapokea watu wapya. Nimeshamwandikisha," alisema mkewe, akisogeza bakuli la sukari. "Nimemwambia akikutana na mtu anayetikisa chupa, asimpe kitu."